Doki Asiyejua Kutema

Katika bonde zima la Kerrawin hapakuwa na pua kama ya Doki. Mpe glasi ya mvinyo mwekundu huku bado anatafuna mkate, ainuse mara moja tu, na atakuambia zabibu zake zilichumwa mteremko gani, mwaka ule mvua ilinyesha au iligoma, na kama kijana aliyewekwa kulinda matangi alipitiwa na usingizi. Pua alikuwa nayo, tena ya kuringia. Shida ilikuwa kwa jirani yake wa chini.

Doki hakujua kutema.

Usicheke kwanza. Kwa mtu anayeonja mvinyo kama kazi, kutema ndiyo breki. Jaji wa maonyesho huwekewa glasi zaidi ya mia kabla ya chakula cha mchana, na akizimeza zote, saa nne asubuhi mtamkuta amekumbatia nguzo akiiomba msamaha. Kwa hiyo anavuta kidogo, anauzungusha ulimini, anafyonza hewa kwa mluzi, halafu anautoa wote kwenye ndoo kwa mstari mmoja mwembamba, bila kunyunyiza watu, bila kulowesha kidevu. Kerrawin jambo hilo lina heshima yake. Wako wazee pale ambao magoti yamegoma, macho yamegoma, lakini wakisimama mlangoni mwa ghala wanaifikia ndoo iliyo upande wa pili wa mapipa, na hadithi waliyokuwa wakiisimulia wala haikatiki.

Doki, ambaye kwenye kitambulisho ni Evdokia Malandris, hakulelewa hivyo. Kwao ni Renmark, kando ya mto Murray, kwa Wagiriki wanaolima machungwa na zabibu. Zabibu zikitoka shambani huingia kwenye lori, lori huingia kiwandani, na kinachotoka huko ni mvinyo wa boksi wenye kibomba cha plastiki ubavuni. Nyumbani kwao mvinyo ulikuwa na njia moja tu, nayo ilielekea tumboni. Siku ya kwanza alipoambiwa ateme, kwenye ghala la Merv Tuckwell alikoajiriwa, koo lilimeza nusu kwa mazoea, na nusu iliyobaki ikashuka kidevuni, ikapita shingoni, ikateremka hadi kwenye buti la mpira.

"Nimeona watu wakimwagilia miche," Merv alisema siku ile, "lakini huyu anajimwagilia mwenyewe."

Merv alikuwa ndiye bosi, mzee mrefu mkavu kama ufito, na tangu siku hiyo alimpenda. Ndiyo maana juma moja kabla ya maonyesho ya bonde, wakiwa wamekaa juu ya mapipa matupu wakila pai za nyama, alimwambia, "We Doki. Jina lako nimelipeleka kwa Ros."

Doki alisahau kutafuna.

Ros Quaife alikuwa mkuu wa majaji. Kila mwaka alichukua jaji mwanafunzi mmoja, mmoja tu, akae mezani siku zote tatu za maonyesho pamoja na wakubwa. Alama za mwanafunzi hazihesabiwi, malipo hakuna, na chakula chenyewe ni zeituni na biskuti kavu. Lakini aliyekaa kiti kile hurudi baadaye akiwa jaji kamili, na akipiga simu popote nchini kutafuta kazi ya kutengeneza mvinyo, simu hupokelewa. Doki alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alikuwa amechoka. Kila akisema anatoka Renmark, watu wa Kerrawin husema "Aaa" kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesikia una msiba.

"Tatizo," Merv aliendelea, "Ros ana majina mawili. Atawajaribu wote asubuhi ya kwanza, mchana anachagua. Huyo mwingine ni Hamish Pender."

Hamish Pender. Babu yake alikuwa jaji, baba yake jaji, na nadhani hata mbwa wao hakosi cheti. Na kutema kwake, jamani. Hamish alikuwa akitema kama mtu anayepiga mstari kwa rula.

"Merv, mimi nitamwaga."

"Utamwaga, ndiyo. Ndiyo maana nimekuletea ndoo."

Akamkabidhi ndoo. Ilikuwa mpya kabisa, na bado ina karatasi ya dukani. Doki akaiangalia, akajiona kama mtoto anayefunzwa poti.

Basi jioni ile alisimama uani kwake na jagi la maji, ndoo akaiweka chini ya ule mti wa chuma wa kuanikia nguo unaozunguka. Akajaza mdomo. Akakaza midomo. Akatema. Mguu wa kulia ukalowa. Akasogea, akajaribu tena. Ukalowa wa kushoto, angalau sasa wote walikuwa sawa. Juu ya mti wa nguo alitua kunguru mmoja wa mabaka meupe, akatazama mazoezi hayo kwa makini, kisha akaruka zake bila kutoa maoni.

"Nani kafa?" sauti iliuliza nyuma yake.

Ilikuwa ni Bibi Stamatia, nyanya yake, aliyekuja kwa basi kutoka Renmark kumtembelea, na mfuko wa machungwa mkono mmoja na kopo la zeituni mkono wa pili. Alivaa nyeusi tangu alipofiwa na mume, na watoto wa mtaani walimpisha njia.

"Hajafa mtu, Bibi. Najifunza kutema."

"Kutema unajifunza? Ulizaliwa hujui?" Bibi aliweka machungwa chini. "Unatema nini?"

"Sasa hivi maji. Siku yenyewe, mvinyo."

Bibi alimkazia macho kama mtu aliyeambiwa mjukuu wake amejiunga na majambazi.

"Mvinyo mbaya?"

"Mzuri, Bibi. Mzuri kuliko yote. Kuna chupa pale za mizabibu yenye umri wa miaka mia na zaidi."

"Na wewe unautema."

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Babu yako alivunjika kiuno akipogoa mizabibu. Baba yako hana vidole viwili. Ili wewe uje huku uvae vizuri, upewe mvinyo wa miaka mia, uuteme kwenye ndoo ya kudekia." Akamgeukia yule kunguru, ambaye alikuwa amerudi na sasa ametua ukutani. "Umesikia wewe?"

Kunguru hakuwa upande wowote.

Sasa elewa kwamba Bibi Stamatia mwenyewe alikuwa mtemaji wa siku nyingi. Lakini yeye alitema kwa ajili ya kijicho. Akiona mtoto mzuri, ftu ftu ftu, mara tatu, husuda isimguse. Akiona mlimau umezaa sana, ftu ftu ftu. Baba yake Doki aliponunua trekta jipya, Bibi alilizunguka lote akilitemea gurudumu baada ya gurudumu, na muuzaji akadhani kakasirishwa na bei. Mate hayakuwepo, ilikuwa pumzi tu na ncha ya ulimi. Doki alikua akitemewa hivyo, na akakua akitema hivyo: kila kilichompendeza sana, ulimi ulitangulia kabla ya akili. Aliwahi kumtemea mvulana aliyemwalika kwenda kucheza dansi. Hawakwenda.

"Basi nitemee na mimi, Bibi," alisema, "niipate hiyo nafasi."

Bibi alinuna kidogo, akamshika kidevu chake kilicholowa, akamwangalia. "Ftu, ftu, ftu," akasema. "Na sasa ingia ndani ule. Mate yako yanaua majani."

Asubuhi ya maonyesho ukumbi ulikuwa baridi na unanuka sakafu iliyopigwa deki. Meza ndefu zilifunikwa nguo nyeupe, glasi zimepangwa kwa namba tu, bila jina la shamba wala la mtu. Kila jaji alivaa koti jeupe kama daktari na kusukuma ndoo yake kwenye kigari. Meza yao ilikuwa na majaji wawili: Ros mwenyewe, mfupi, miwani imening'inia kifuani, na Clive Bannerman, mzee mnene aliyepumua kwa sauti hadi ungedhani anafikiri sana. Hamish alikuwa tayari. Koti lake lilipigwa pasi likanyooka kama kadi ya mwaliko.

"Sheria ni moja," Ros aliwaambia. "Onjeni, andikeni alama, nyamazeni. Mpaka nitakapoziita, sitaki kuona sura ya mtu ikiniambia chochote. Hakuna kuguna, hakuna kutabasamu. Mwaka juzi mmoja alilia, nikamtoa."

"Alilia kwa uzuri au ubaya?" Clive aliuliza.

"Aliachwa na mkewe. Lakini mimi ningejuaje?"

Walianza na mvinyo mweupe mkavu, ule wenye harufu ya ndimu na jiwe lililoloa. Hamish alitema: sssi, mstari mmoja, ndoo ikalia kwa adabu. Doki aligeuza uso, akainama karibu kabisa na ndoo yake kama mtu aliyepoteza kitu ndani, akaachia tu mdomo wazi utiririke. Si kutema, ni kufurika. Nusu ilimezwa. Lakini alama alizoandika, Ros alipoziita, zilifanana na zake kwa glasi karibu zote, na Ros akavaa miwani, akamtazama upya.

"Unatafuta pete?" Hamish alimnong'oneza.

"Natafuta adabu yako. Haimo."

Ikaja shiraz, mvinyo mwekundu mzito, mweusi kama wino. Hapo Doki alijiambia, haiwezekani kuinama asubuhi nzima, leo natema kama binadamu. Akakaza midomo, akasukuma kwa nguvu zote. Mvinyo ulitoka kweli, ila haukukubaliana pa kwenda. Ulitawanyika kama maji ya kinyozi, na Ros Quaife, aliyekuwa akipita upande wa pili na koti jipya, akapata madoadoa kuanzia kola hadi mfukoni.

Clive aliacha kupumua, jambo ambalo lilisikika.

Ros alijiangalia kifuani. Akachovya kidole kwenye doa moja, akakinusa. "Namba tisa," akasema. "Mwaloni wa pipa umezidi. Twendeni."

Doki alitamani sakafu ifunguke. Mbaya zaidi, meza iliyofuata ilikuwa ya jin, pombe kali za mafundi wadogo wadogo wa bondeni, na jin haina huruma kwa mtu anayemeza nusu. Kulikuwa na ya maganda ya machungwa, kulikuwa na iliyolowekwa zabibu hadi ikawa rangi ya zambarau, na kulikuwa na ya sisimizi wa kijani, wale wa kaskazini wenye ukali wa ndimu, nayo ilikuwa nzuri mno na ikamshuka kooni bila hata kubisha hodi. Alipofika ya mwisho masikio yake yalikuwa ya moto, na Clive alianza kuonekana mtu mwenye sura nzuri.

"Kula zeituni," Clive alimwambia kwa huruma. "Kula nyingi. Na mkate."

Alikula. Zeituni hazikuwa kama za Bibi, lakini zilimrudisha duniani. Alihesabu hali yake: koti la mkuu limeharibika, kidevu kinanata, Hamish hajadondosha tone. Ilibaki meza moja kabla ya mchana, ya mvinyo mwekundu mwepesi wa grenache kutoka kwenye mizabibu ya zamani, ile mifupi minene inayosimama shambani peke yake bila waya kama vizee vilivyogombana.

Glasi ya kwanza, sawa. Ya tano, sawa. Ya kumi, mtu fulani aliuacha juani. Doki aliinama, akafurika, akafuta kidevu, akaandika.

Akafika ya kumi na nne.

Aliinusa, akaiweka chini. Akaiinua tena. Kulikuwa na majani makavu mle, na plamu, na vumbi jekundu lile linaloinuka matone ya kwanza ya mvua yakipiga barabara ya Renmark, na nyuma kabisa kitu kama nguo za baba yake akitoka shambani jioni. Akavuta mdomoni. Ulikuwa mwepesi, halafu haukuisha. Kila alipodhani umekwenda, ulikuwa bado umesimama mlangoni, unaaga kama mgeni wa Kigiriki. Hakufikiria kiti, wala koti, wala Hamish. Alifikiria tu: kitu kizuri namna hii, watu watakionea wivu.

Na ulimi ukatangulia.

Ftu. Ftu. Ftu.

Mara tatu. Mistari mitatu myembamba, imenyooka, mmoja nyuma ya mwingine, ikaingia katikati ya ndoo. Kidevu kikavu.

Majaji wote wawili waliinua vichwa. Hamish alibaki na mdomo umejaa, amesahau kuutoa.

"Hiyo," Ros alisema polepole, "ilikuwa nini?"

"Samahani. Ni mambo ya kwetu." Uso wa Doki ulikuwa umelingana rangi na mvinyo uliomo glasini. "Ukiona kitu kizuri sana unakitemea mara tatu, kijicho kisikipate. Sikukusudia."

"Kwa hiyo umeuambia ukumbi mzima kwamba namba kumi na nne ni nzuri sana. Kabla sijaita alama."

"Ndiyo."

Ros alinyanyua karatasi yake, akaigeuza wote waione. Alikuwa ameandika dhahabu, medali ya juu kabisa, tena kalamu ilikuwa imekandamizwa. Ya Clive, dhahabu. Walikuwa wameandika kabla. Hamish, aliyekuwa bado kwenye ya kumi na mbili, akauona mvinyo wake ukimkwama na hatimaye akaumeza.

"Endeleeni," Ros alisema. "Kimya."

Doki alijaribu ya kumi na tano kwa mtemo mmoja kama wenzake. Kidevu, shingo, kola. Ya kumi na sita akajaribu siri, akatoa zile ftu tatu kwa pumzi ndogo. Ndoo ikapokea kila tone. Ya kumi na saba, mtemo mmoja: kiatu. Akaelewa basi, na kuelewa kwenyewe kulimnyong'onyeza. Alikuwa anajua kutema tangu utotoni. Alikuwa anajua kutema mara tatu tu.

Mchana ulipofika, walisimama kando ya sahani za nyama baridi, meno yote meusi kama watoto waliokula zambarau. Hamish ndiye aliyeanza, na tuseme ukweli, hakusema uongo.

"Ros, sina chuki naye. Pua yake inatisha. Lakini akitema mara tatu anatangaza dhahabu, na akitema mara moja anatuogesha. Utamweka wapi? Huwezi kuweka kiongozi wa kwaya mezani pa majaji, wote watamfuata."

"Nimekusikia," Ros alisema. "Na wewe, Doki? Jitetee."

Doki aliangalia madoa kwenye koti la Ros. Yalikuwa yamekauka, yakageuka zambarau. "Sina la kujitetea. Anasema kweli. Nikiuzuia ulimi, namwaga. Nikiuachia, nasema siri."

"Hilo tu?"

"Na namba tisa, ile iliyokurukia. Mwaloni haukuzidi. Pipa lilikuwa jipya, basi. Ipe miaka mitano, itatulia."

Clive alikohoa kipande cha nyama. Ros akainua kola ya koti lake, akainusa tena, kwa muda mrefu safari hii. Mvinyo uliokauka asubuhi nzima kwenye pamba, ukipigwa na joto la mwili, na ule mwaloni ulikuwa umeanza kutulia.

"Hm," akasema. Halafu, "Hamish, mwanangu, unatema vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona. Lakini mimi sitafuti bomba. Nyumbani ninalo, jikoni. Baba yako alipokuwa mwanafunzi wangu alinitemea kiatu, na leo ni jaji. Mwaka ujao njoo na jambo la kubishana na mimi." Akamgeukia Doki. "Wewe kiti ni chako, kwa sharti. Utatema mara tatu kila glasi. Kila glasi. Nzuri, mbaya, ya kawaida. Hapo hakuna atakayejua kitu."

"Kila glasi?"

"Hata iliyochacha."

Doki alilipima sharti hilo. Kuvikinga na kijicho vitu ambavyo hakuna mwendawazimu angevionea wivu. Huo karibu ulikuwa uongo, tena uongo wa kidini. Lakini kiti ni kiti.

"Hata iliyochacha," akakubali.

Hamish alimkaribia walipokuwa wakivaa upya makoti. Alionekana kama mtu aliyefungwa kwa penalti. "Hebu nionyeshe," alisema kwa sauti ya chini. "Ulimi unaanzia kwenye meno, au nyuma yake?"

"Kwanza lazima ukipende kitu, Hamish. Anza na kidogo. Anza na zeituni."

Siku ya tatu, maonyesho yalipofungwa, chupa zilizobaki ziligawiwa waliofanya kazi, na Doki akafika nyumbani na ya namba kumi na nne kwapani, imebaki robo. Bibi Stamatia alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Umeipata?"

"Nimeipata, Bibi."

"Ulitema?"

"Nilitema. Mara tatu tatu, siku tatu, kila glasi."

Kisu kilisimama kwenye kiazi. "Kila glasi? Na ile mibaya?"

"Na ile mibaya. Mkuu alitaka hivyo."

Bibi alifikiri. Aliyafikiria mashamba yote ya bonde, yenye heshima na yasiyo nayo, yaliyokingwa na husuda bure na mjukuu wake, bila hata kuombwa. "Wamekushukuru?"

"Wamenipa hii."

Bibi alijifuta mikono, akatoa glasi ya maji ya kawaida, akamimina. Hakuunusa, hakuuzungusha. Alipiga funda, akabaki ameshikilia meza, macho yameelekea dirishani kwenye ule mti wa kuanikia nguo, kwa muda hata Doki akaanza kuogopa. Kisha akameza. Kisha akaiinamia glasi, kwa heshima, ncha ya ulimi kwenye meno.

"Ftu, ftu, ftu."

Hakuna tone lililotoka. Ilikuwa pumzi tu.

"Umeona?" Bibi alisema, akijimiminia nyingine. "Ndivyo inavyofanywa. Unachotema ni upepo. Mvinyo unaumeza. Kawaambie hao wenzako wenye ndoo."